Sheria ya Pwani, Kisa cha Bara: Bangi katika Jimbo la New South Wales

Bunge la jimbo la New South Wales liko Mtaa wa Macquarie, katikati ya Sydney. Sehemu yake ya kale, ile yenye baraza za juu na chini, ilijengwa kati ya mwaka 1811 na 1816 ikiwa ubavu mmoja wa hospitali. Gavana Lachlan Macquarie aliitaka hospitali hiyo kwa udi na uvumba, lakini London haikuwa tayari kuigharamia. Akaingia mkataba na watu watatu, Garnham Blaxcell, Alexander Riley na daktari D'Arcy Wentworth: wao wajenge, na ujira wao uwe kibali cha kuingiza galoni 45,000 za ramu katika koloni. Watu wakaipa jina la Hospitali ya Ramu, na jina hilo halijafutika hadi leo. Baadaye baraza la kutunga sheria likahamia upande mmoja wa jengo hilo, na ndimo wabunge wanamokaa mpaka sasa. Kwa hiyo sheria zote za jimbo dhidi ya bangi zimepitishwa katika jengo ambalo chanzo chake kililipiwa kwa pombe.

Nalitaja hilo mapema ili nisilirudie, maana kejeli yake ni rahisi mno. Kilichonivuta mimi katika historia hii ni kitu kingine. Sydney ni mji wa pwani, na sheria hutungwa pwani. Lakini kila mara sheria ya bangi iliposogezwa, mbele au nyuma, mkono ulioisogeza ulitoka mbali na bandari hiyo: kwanza ng'ambo, kisha bara, katika miji midogo ya wakulima ambayo wakazi wengi wa Sydney huisikia tu kwenye taarifa ya habari.

Mmea wenyewe ulifika na Waingereza. Meli 11 zilizotia nanga mwaka 1788 zikiwa na wafungwa, askari na Gavana Arthur Phillip zilibeba pia mbegu za mbangi, zilizotolewa na Sir Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwa amefika huku na nahodha James Cook mwaka 1770. Hakuna aliyefikiria kuuvuta. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linaishi kwa kamba na matanga, na nyuzi za kazi hiyo zilinunuliwa Urusi, kupitia bandari za Bahari ya Baltiki. Dola inayotegemea kamba za dola nyingine hailali usingizi. Koloni jipya lilitarajiwa, pamoja na kupokea wafungwa, kuwa shamba la nyuzi. Matumaini hayo hayakuzaa biashara kubwa, ingawa wakulima kadhaa waliupanda mmea huo katika bonde la Mto Hunter, kaskazini ya Sydney, katika karne ya 19. Katika maduka ya dawa mjini, dondoo la bangi kutoka India liliuzwa kama dawa nyingine yoyote ya maumivu na ya kupata usingizi. Karibu miaka 150 ilipita bila sheria, kwa sababu hapakuwa na shauri.

Sheria ilipokuja ilitoka Afrika, ikapitia Geneva. Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini iliuandikia Umoja wa Mataifa wa wakati huo ikitaka bangi, ambayo huko huitwa dagga, iwekwe katika orodha moja na kasumba. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa kimataifa wa kasumba uliofanyika Geneva, mjumbe wa Misri, Dakta Mohamed El Guindy, alisimama akaeleza kwa ukali jinsi hashishi ilivyokuwa ikiharibu akili za watu wa nchi yake. Wajumbe wengi hawakuwa wamejiandaa kujadili bangi. Walikuja kwa ajili ya kasumba na kokeini. Tena Waingereza walikuwa na ushahidi wa kutosha kabatini: tume yao nchini India, mwaka 1893 na 1894, ilihoji mashahidi zaidi ya elfu moja na kuhitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa. Ushahidi huo haukubadilisha mambo. Mkataba uliotiwa saini Februari 1925 ukaibana biashara ya kimataifa ya bangi.

Australia, mwanachama mtiifu, ikafuata. Serikali ya shirikisho ikazuia uingizaji wake mwaka 1926. Majimbo nayo yakafuata moja baada ya jingine, Victoria ikitangulia mwishoni mwa muongo huo, Australia Kusini mwaka 1934, na New South Wales mwaka 1935. Ni vigumu kupata sheria iliyopita kwa utulivu zaidi. Wavutaji hawakuwapo. Ulikuwa mkataba wa kutimizwa tu, na karani akaongeza jina la mmea kwenye orodha.

Hofu ikaja baada ya sheria. Aprili 1938 gazeti la Sydney lililoitwa Smith's Weekly, lililopenda vichwa vya habari vya kutisha, liliwatangazia wasomaji dawa mpya inayowatia watu wazimu. Habari hiyo ilikuwa mwangwi wa kampeni ya Harry Anslinger, mkuu wa idara ya dawa za kulevya ya Marekani, ambaye mwaka uliotangulia alifanikiwa kupata sheria ya shirikisho dhidi ya bangi. Gazeti lilitumia jina la Kimarekani, marihuana, na yawezekana msomaji wa Sydney hakujua kwamba ni mmea ule ule ambao babu yake alinunua dondoo lake kwa mfamasia. Kisha vita vikaja, watu wakawa na mambo mengine ya kuogopa.

Mwaka 1964 ndipo bara ilipotia neno lake la kwanza. Kandokando ya Mto Hunter, katika mashamba ya maeneo ya Singleton na Maitland, iligunduliwa mibangi iliyojiotea mwituni kwa mamia ya ekari. Inaaminika kuwa ni kizazi cha ile mimea ya nyuzi ya karne iliyopita, iliyotoroka mashambani ikaendelea kuota bila kumsumbua mtu. Ng'ombe waliipita, wakulima waliiona gugu. Serikali ikaanza kampeni ya kuing'oa na kuinyunyizia sumu, na ili wananchi waisaidie, magazeti yakaeleza mmea unafananaje na unaota wapi. Vijana wa Sydney, hasa wale wa kuteleza juu ya mawimbi kwenye fukwe za kaskazini, wakaisoma ramani hiyo kwa makini kuliko wakaguzi wa kilimo. Wikiendi wakawa wanapanda gari kwenda Hunter na magunia. Kung'oa kulichukua miaka kadhaa, na kadiri kulivyotangazwa ndivyo wateja walivyoongezeka. Sidhani kama kuna idara ya serikali iliyowahi kuutangaza mmea vizuri namna hiyo.

Pwani nayo ilikuwa inabadilika. Kuanzia Oktoba 1967 wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakipigana Vietnam walianza kuletwa Sydney kwa mapumziko ya siku chache. Hadi mpango huo ulipokwisha mwaka 1971 walikuwa wamefika kwa maelfu kwa maelfu, wengi wao wakielekea Kings Cross, mtaa wa baa, madanguro na taa za rangi. Vijana wa miaka 19 au 20, wenye dola mfukoni na vita vikiwasubiri, walikuja na mazoea yao. Bangi ikawa bidhaa yenye bei. Na palipo na bidhaa yenye bei na sheria inayoikataza, polisi wa Kings Cross, ambao walikuwa wamezoea kula na wenye madanguro, walikuwa na mlo wa ziada. Aibu hiyo haikuanikwa hadharani kikamilifu hadi Tume ya Jaji James Wood ya kuchunguza polisi ilipoketi kati ya mwaka 1995 na 1997.

Mwaka 1973 chama cha wanafunzi wa vyuo vikuu kilitafuta mahali pa kufanyia tamasha lake la Aquarius, kikachagua Nimbin, kijiji cha wafuga ng'ombe wa maziwa kilicho kaskazini kabisa ya jimbo, karibu na mji wa Lismore. Biashara ya maziwa ilikuwa imekufa na maduka yalikuwa yamefungwa. Maelfu ya vijana walifika mwezi Mei, na tamasha lilipokwisha wengi hawakuondoka. Walinunua ardhi kwa ushirika, wakajenga nyumba bila kibali, wakapanda mboga, wakapanda na bangi. Tangu hapo uhusiano wa Nimbin na polisi umekuwa wa kuviziana, na mwaka 1993 wenyeji waliamua kuandamana kila mwanzo wa Mei kudai sheria ifutwe. Maandamano hayo, MardiGrass, yangali yanafanyika. Wanasiasa wa Sydney wameizoea Nimbin jinsi watu wanavyomzoea mjomba mkorofi wa ukoo: wanamcheka na hawamfuati.

Lakini Griffith hawakuicheka.

Griffith iko takriban kilomita 570 magharibi ya Sydney, katika nyanda kavu zilizogeuzwa bustani kwa mifereji ya umwagiliaji. Wengi waliozigeuza walikuwa wahamiaji wa Kiitalia, baadhi yao kutoka Calabria, waliopanda zabibu na michungwa kwa jasho la kweli. Katika miaka ya 1970, bei ya matunda ikiwa taabani, majumba makubwa yalianza kuchomoza katikati ya mashamba ya watu wenye kipato kidogo. Wenyeji waliyaita ngome za bangi na hawakuuliza zaidi.

Aliyeuliza alikuwa Donald Mackay, mwenye duka la samani, baba wa watoto wanne, aliyewahi kugombea ubunge kwa chama cha Liberal bila kushinda. Kwa kuwa hakuwaamini polisi wa Griffith, alipopata taarifa za shamba kubwa la bangi huko Coleambally, kusini ya Griffith, alizipeleka kwa wapelelezi wa Sydney. Novemba 1975 walivamia wakakuta ekari 31. Kesi iliposikilizwa mwaka 1977, daftari la afisa mmoja wa polisi lilitolewa mahakamani, na ndani yake mlikuwa na jina la mtoa taarifa. Mawakili wa utetezi wakalisoma. Kuanzia hapo siri ya Mackay ilikuwa mikononi mwa watu ambao hakutaka wawe nayo.

Ijumaa tarehe 15 Julai 1977, jioni, Mackay aliagana na marafiki katika baa ya Hoteli ya Griffith akatoka kuelekea kwenye gari lake. Hakuonekana tena. Gari lilikutwa limefungwa, damu kando yake, na maganda ya risasi za bunduki ndogo chini. Mwili haujapatikana hadi leo.

Mwezi uliofuata serikali ya jimbo iliunda Tume ya Kifalme chini ya Jaji Philip Woodward. Ripoti yake ya mwaka 1979 ilisema wazi kwamba Mackay aliondolewa na genge la Wakalabria wa Griffith, ikamtaja Robert Trimbole, mtu wa huko aliyekuwa fundi makanika kabla ya kutajirika. Trimbole alikimbia Australia mwaka 1981, akakamatwa Ireland mwaka 1984, akaachiwa kwa kasoro za kisheria, akafa Hispania mwaka 1987. Mtu aliyekodiwa kwa kazi hiyo, James Bazley, alihukumiwa mwaka 1986 kwa kula njama ya mauaji. Ni haki kuongeza kwamba familia nyingi za Kiitalia za Griffith hazikuwa na lolote na bangi, na zimebeba lawama hiyo kwa vizazi. Kila jamii ya wahamiaji inaujua mzigo wa namna hiyo.

Wakati wa kifo cha Mackay ndio uliokuwa na uzito. Mwaka ule ule wa 1977, kamati ya Seneti ya shirikisho chini ya Peter Baume, daktari wa Sydney na seneta wa jimbo hili hili, ilitoa ripoti juu ya dawa za kulevya nchini. Ilisema pombe na tumbaku ndizo zinazoua watu wengi, ikapendekeza kwamba kumiliki bangi kwa matumizi binafsi kusiwe tena kosa la jinai. Baume hakuwa mtu wa Nimbin. Alikuwa mtu wa chama cha Liberal mwenye stetoskopu. Katika mwaka mwingine pengine angesikilizwa. Lakini baada ya Griffith, ni wanasiasa wachache wa New South Wales waliotaka kusimama mbele ya mjane wa Mackay na kuzungumzia kulegeza. Australia Kusini ilibadilisha adhabu ya kiasi kidogo kuwa faini isiyo na rekodi ya jinai mwaka 1987. New South Wales ilikuwa imeshika njia nyingine.

Njia hiyo ni Sheria ya Matumizi Mabaya na Usafirishaji wa Dawa ya mwaka 1985, ambayo ndiyo inayotawala hadi leo. Inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu wengi huizungumzia bila kuisoma. Moyo wake ni jedwali lililo mwishoni, ambapo kila dawa imepangiwa viwango. Kwa bangi iliyokaushwa, gramu 30 ni kiasi kidogo. Gramu 300 ni kiasi cha biashara. Kilo 25 ni kiasi kikubwa cha biashara, na kilo 100 ni kikubwa zaidi, ambacho adhabu yake hufika miaka 20 gerezani. Mimea huhesabiwa kwa shina: mitano ni kiasi kidogo, 250 ni biashara kubwa, 1,000 ni zaidi ya hapo.

Pale kwenye gramu 300 ndipo pana mtego. Ukikutwa nazo, sheria inakuchukulia kuwa muuzaji, hata kama hakuna aliyekuona ukiuza. Ni juu yako kuithibitishia mahakama kwamba zilikuwa za matumizi yako. Huo ni mzigo uliogeuzwa, na ulitungwa kwa kuwafikiria watu wa aina ya Trimbole. Kwa upande wa chini, mwenye msokoto mmoja naye ana kosa: kumiliki au kutumia kunaweza kumpa faini ya dola 2,200, kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Hakimu hutoa adhabu hiyo kamili kwa nadra sana, lakini rekodi ya jinai hutoka na mtu mahakamani hata faini ikiwa ndogo, na kwa mhamiaji anayesubiri uraia hilo si jambo dogo. Wakulima walipohamia ndani ya nyumba, wakitumia taa kali na maji yenye virutubisho badala ya udongo, jedwali likaongezwa mistari mwaka 2006: mimea 50 ya ndani ikawa sawa na 250 ya nje.

Mei 1999 Waziri Mkuu wa jimbo, Bob Carr, aliitisha mkutano mkuu wa dawa za kulevya katika jengo la Bunge. Sababu kubwa ilikuwa heroini, iliyokuwa ikiua vijana mitaani, na tunda lake mashuhuri ni kituo cha Kings Cross ambamo watumiaji hujidunga chini ya uangalizi wa wauguzi. Bangi ilipata chake pembeni. Kuanzia Aprili 2000, polisi anayemkuta mtu mzima na bangi isiyozidi gramu 15 anaweza kumpa onyo la maandishi badala ya kumpeleka mahakamani, mradi mtu huyo akubali kosa na asiwe na rekodi ya makosa ya dawa au ya ukatili. Onyo ni mara mbili tu. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za jimbo alipoupima mpango huo baada ya miaka kumi aliona umewaepusha watu zaidi ya 39,000 na mahakama, na kuokoa gharama za dola zisizopungua milioni 20.

Ila neno lililotumika ni *anaweza*. Polisi anaweza kutoa onyo, halazimiki. Takwimu za uhalifu za jimbo za mwaka 2013 hadi 2017 zilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2020, zilionyesha kwamba kati ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi, waliokutwa na kiasi kidogo cha bangi, zaidi ya 80 katika kila 100 walipelekwa mahakamani. Kwa wasio Waaborijini walikuwa 52. Mmea ni mmoja na jedwali ni moja. Polisi hueleza kwamba wenye rekodi za awali hawastahili onyo, na hilo ni kweli kwa maandishi. Lakini rekodi hizo nazo zilitoka wapi, kama si katika doria zile zile?

Doria zenyewe zilikuwa zimepata msaidizi. Sheria ya mwaka 2001 iliwaruhusu polisi kuzunguka na mbwa wa kunusa katika stesheni za treni, baa na matamasha. Stesheni ya Redfern, mtaa wenye historia ndefu ya Waaborijini wa mjini, ikawa mahali ambapo msafiri wa kawaida alijua atakutana na mbwa asubuhi. Mwaka 2006 ofisi ya msimamizi wa malalamiko ya umma ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa miaka miwili: mbwa alipomketia mtu na mtu huyo akapekuliwa, dawa zilipatikana mara 26 tu katika kila 100. Zilizopatikana kwa wingi zilikuwa chembe za bangi. Ripoti ilitilia shaka kama sheria hiyo inafaa kuendelea. Mbwa wakaendelea.

Kufikia hapo ungedhani mambo yameganda. Kilichoyayeyusha kilitoka tena bara, safari hii Tamworth, mji wa muziki wa kantri ulio kilomita 400 hivi kaskazini ya Sydney, ambao haujawahi kushukiwa kuwa na mapinduzi yoyote.

Dan Haslam alikuwa na miaka 20 alipogunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mwaka 2010. Matibabu yalimfanya atapike kwa siku nyingi mfululizo, na dawa za kuzuia kutapika hazikumsaidia. Mgonjwa mwenzake akamshauri ajaribu bangi. Mama yake, Lucy, alikuwa muuguzi. Baba yake, Lou, alikuwa polisi mstaafu aliyewahi kuongoza kikosi cha dawa za kulevya hapo Tamworth. Kazi yake ilikuwa kuwakamata wenye bangi. Mzee huyo alimwona mwanawe akivuta, kisha akiomba chakula. Baada ya hapo familia ilianza kusema hadharani, na hapo ndipo kila mtu alipokosa jibu. Mwanasiasa anaweza kumpuuza mwenye nywele ndefu wa Nimbin. Polisi wa dawa za kulevya aliyekaa kitandani pa mwanawe anampuuza vipi?

Waziri Mkuu wa jimbo, Mike Baird, mtu wa kanisa na wa chama cha Liberal, alikutana na Dan na akasema wazi kwamba amebadilika. Desemba 2014 serikali yake ilianzisha mpango kwa wagonjwa mahututi: mtu mzima aliyethibitishwa na daktari angejiandikisha, pamoja na walezi wasiozidi watatu, na polisi wangeelekezwa kutumia busara na kutowashtaki. Ulikuwa mpango wa huruma na wa ajabu kwa pamoja, kwa sababu haukusema bangi hiyo ipatikane wapi. Muuguzi mstaafu bado alilazimika kumtafuta muuzaji wa mitaani. Serikali iliahidi pia fedha za majaribio ya kitabibu. Mwaka 2015 Barry na Joy Lambert, ambao mjukuu wao alikuwa na kifafa kikali, walikipa Chuo Kikuu cha Sydney dola milioni 33.7 kwa utafiti wa tiba ya bangi, na kituo kinachobeba jina lao kikaanza.

Dan alifariki tarehe 24 Februari 2015, akiwa na miaka 25. Tarehe 24 Februari 2016, mwaka mmoja kamili baadaye, Bunge la shirikisho huko Canberra lilipitisha sheria ya kuruhusu bangi ya tiba kulimwa nchini kwa leseni. Kuanzia Agosti mwaka huo madaktari wa New South Wales waliweza kuomba kibali cha kuiandika. Mwanzoni karatasi zilikuwa nyingi na waliofanikiwa wachache. Miaka michache baadaye zilizuka kliniki za simu ambako mtu huzungumza na daktari kwa dakika chache na kifurushi humfika nyumbani, na siku hizi mamlaka za dawa hulalamika kwamba kibali kimekuwa chepesi mno. Hayo si aliyoyadai Lucy Haslam, aliyetaka wagonjwa wasiwe wahalifu.

Na kuna mahali ambapo bado wanaweza kuwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 polisi wa New South Wales husimamisha magari na kupima mate ya madereva. Kipimo hakiulizi kama umelewa. Kwa upande wa bangi kinatafuta chembe zake tu, na zikionekana ni kosa, hata kama ulivuta jana na leo uko timamu. Tangu 2019 kosa la kwanza humnyang'anya mtu leseni kwa miezi mitatu papo hapo. David Heilpern, hakimu wa Lismore, jirani ya Nimbin, alisikiliza kesi hizo kwa mamia. Mwaka 2016 alimwachia dereva aliyekuwa na chembe hizo siku tisa baada ya kuvuta, kwa kuwa polisi mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba baada ya wiki moja angekuwa salama. Heilpern alijiuzulu mwaka 2020 akiwa na umri ambao mahakimu wengi bado wako kazini, na akaitaja sheria hiyo kuwa miongoni mwa sababu. Katika mji usio na treni wala basi la jioni, leseni ndiyo kazi, ndiyo kliniki, ndiyo shule ya watoto. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari hana kinga. Tasmania inamkinga; New South Wales haimkingi.

Tarehe 31 Januari 2020 jambo jingine likazuka, katikati ya jimbo lenyewe. Canberra, mji mkuu, ni eneo dogo lenye Bunge lake lililozungukwa na New South Wales pande zote. Siku hiyo ilianza kuruhusu mtu mzima kuwa na gramu 50 za bangi na kupanda mimea miwili nyumbani, ingawa kuuza kumebaki marufuku. Mji wa Queanbeyan umeungana na Canberra kiasi kwamba watu huishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Mwenye gramu 40 akivuka barabara anatoka kwenye haki yake na kuingia kwenye shtaka.

Machi 2023 Jeremy Buckingham alichaguliwa kuingia Baraza la Juu la jimbo kwa tiketi ya chama kinachotaka bangi ihalalishwe. Kamati anayoiongoza ilichunguza sheria nzima, na ripoti yake ya Oktoba 2024 ikataka adhabu za kiasi kidogo zilegezwe. Serikali ya chama cha Labor ya Chris Minns nayo iliitisha mkutano mkuu mwingine wa dawa, wa kwanza wa aina yake tangu ule wa Carr. Haukuanzia Sydney: vikao vya mwanzo, Novemba 2024, vilifanyika Griffith na Lismore, ndipo ukahamia pwani mapema Desemba. Ripoti iliyotoka Aprili 2025 ilikuwa na mapendekezo 56, na mojawapo ni kinga kwa dereva mwenye cheti cha daktari ambaye hajalewa. Lile la kuondoa kosa la jinai kwa mtumiaji, ambalo Baume aliliandika mwaka 1977, Minns alikuwa amelifungia mlango hata kabla wajumbe hawajaketi, kwa hoja kwamba hakuwahi kuwaomba wapiga kura ridhaa ya jambo hilo.